Siku Afande Aliponipekua

Nilikigusa asubuhi ya Jumatatu, nikiwa naoga, na kwa muda mrefu kuliko inavyostahili nilijaribu kuamini kwamba ni kipande cha sabuni. Mtu aliyesoma hadi shahada ya pili anaweza kujishawishi mambo mengi. Sabuni ilikuwa mkononi mwangu wa kushoto, nzima, na bado nilisuuza titi la kulia mara tatu nikisubiri kitu kile kiyeyuke. Hakikuyeyuka. Kilikuwa juu, upande wa kwapani, ukubwa wa punje ya maharage, na nilipokibonyeza kilisogea kidogo kama mtu anayekupisha njiani bila kukusalimu.

Nina miaka hamsini na mmoja. Ninaishi Mpumudde, Jinja, na ninafundisha Kiswahili katika chuo cha walimu. Katika kazi hiyo nimewaambia wanafunzi mara nyingi kwamba jambo linaloogopwa lazima lipewe jina lake. Siku hiyo hiyo nilipiga simu hospitali moja ya Mbale, ambako nilisikia kuna daktari wa mambo ya matiti anayekuja kila Alhamisi ya pili, na msichana wa mapokezi aliponiuliza mgonjwa ni nani, nilimjibu kwamba ni dada yangu. Sina dada. Akaniuliza jina la dada huyo. Nikampa langu.

Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya siku ishirini na nne.

Kwa nini Mbale na si Jinja? Kwa sababu Jinja siwezi kununua nyanya bila kusalimiwa na mtu niliyemfundisha. Nilijiona nimekaa kwenye benchi la hospitali, nimeshika kadi, na mbele yangu anapita mama wa mwanafunzi ninayemdai insha. Basi nikakimbilia Mbale nijifiche, nikisahau kwamba mama yangu anaishi Busiu, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na kwamba hapa duniani hajawahi kupatikana mtu aliyefanikiwa kumficha mama yangu kitu.

Lakini hilo baadaye. Kwanza zilikuja siku za kusubiri.

Nilikuwa nakigusa asubuhi kuhakikisha bado kipo, na mchana kuhakikisha hakijakua. Nilikigusa chooni chuoni, katikati ya vipindi. Nilikigusa hadi nyama ya pale ikaanza kuuma, kisha nikasoma kwenye mtandao kwamba maumivu ni dalili nzuri, kisha nikasoma mahali pengine kwamba maumivu hayamaanishi chochote. Nilikaa maktaba nikisoma mambo hayo kwenye simu, nimeifunika kwa kitabu cha sarufi, kama wanafunzi wangu wanavyofunika mambo yao. Nilisahihisha insha kwa huruma ya ajabu. Kijana mmoja alikuwa amenakili kazi nzima ya mwenzake, pamoja na makosa, na nikampa alama sitini kwa sababu niliona ana miaka mingi mbele yake na sikutaka kumharibia.

Siku ya nne nilimwambia mume wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Bugembe, mtu mwema, anayeamini kwamba kila tatizo lina jibu nyuma ya kitabu. Alinyoosha vidole viwili akanigusa kama mtu anayepima kama pasi imeshapata moto.

"Mimi sisikii kitu," alisema.

"Umegusa ubavu."

Akajaribu tena, safari hii huku amefumba macho. "Hakuna kitu, mama watoto. Ni mwili tu. Mwili una mambo yake."

Kisha akaenda jikoni akaosha vyombo, yeye ambaye huwa haoshi. Tumeoana miaka ishirini na sita. Sijui kama kuna kitu kilichonitisha zaidi mwezi ule kuliko mlio wa zile sahani.

Jumamosi ya pili, siku ya kumi na tatu, nilikwenda Busiu kumpelekea mama sukari na sabuni kama ninavyofanya kila mwezi. Nilijipanga vizuri. Ningekaa saa mbili, ningecheka, ningeondoka.

Lazima nieleze mama yangu ni nani. Alikuwa askari wa magereza, miaka ishirini na tisa, katika gereza la wanawake. Alizaliwa kaskazini, karibu na Lira. Baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa karani wa magereza kutoka huku Bugisu. Hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili, kwa hiyo sisi watoto tulikulia katika nyumba za askari tukizungumza lugha ambayo shuleni watoto wenzetu walituambia ni ya wanajeshi na wezi wa kuku. Nyumbani tulimwita mama Afande. Ilianza kama mzaha. Mzaha uliisha, jina likabaki.

Nilipofika chuo kikuu na wenzangu wakaniuliza mama yangu anafanya kazi gani, nilisema yuko serikalini. Walidhani wizarani, na nikawaacha wadhani. Kazi ya mama ilikuwa kuwapekua wanawake wanaoingizwa gerezani: kuwavua, kuwapapasa, kutafuta wembe kwenye nywele na tumbaku kwenye sidiria. Mimi niliandika tasnifu ndefu, yenye marejeo mengi, kuhusu mamlaka na mwili wa mtu aliyefungwa. Niliandika kwa hasira nzuri ya kijana. Katika kurasa zote zile hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba ada yangu ililipwa na mikono iliyofanya kazi hiyo.

Jumamosi ile tulikaa barazani tukipukuchua mahindi. Tuliongea habari za jirani aliyeuza ng'ombe, habari za mvua, habari za mjukuu wake anayetaka kuwa mchekeshaji. Nilicheka mahali pa kucheka. Nilikuwa najipongeza.

"Mkono yako nafanya nini hapo?" aliuliza mama, bila kuinua macho kutoka kwenye gunzi.

"Mkono gani?"

"Ya kushoto. Imeenda kwapa ya kulia mara saba."

"Nawashwa tu, Mama."

Aliweka gunzi chini. "Mtu akificha kitu kwa mwili, mkono yake narudi pale. Hata kama amefundishwa. Hata mwizi mkubwa. Mimi nilikuwa napeleka wao kukaa benchi kwanza, nusu saa, hapana uliza kitu. Naangalia mkono tu." Alinitazama. "Wewe umekaa saa moja sasa. Iko nini?"

Nilijaribu kujibu kwa Kiswahili changu cha darasani. Nilisema kuna badiliko dogo ambalo kwa sasa linahitaji uchunguzi wa kitaalamu.

"Hiyo ni Kiswahili ya redio," alisema. "Ingia ndani."

Chumbani kwake kuna dirisha moja kubwa linaloelekea kwenye migomba, na mwanga wa mchana ulikuwa mwingi. Alinawa mikono kwenye beseni. Akaisugua moja kwa nyingine mpaka ikapata joto. Na jambo hilo, la kupasha mikono joto, ndilo lililonifanya nikumbuke kwamba mbele ya huyu mwanamke wamesimama wanawake wengi sana kabla yangu.

"Toa nguo ya juu. Na sidiria. Mikono kichwani. Angalia ukuta."

Nilitazama ukuta. Kulikuwa na kalenda ya duka la mbegu. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani ya kusomea shingoni, nimesimama uchi kifuani mbele ya mama yangu, na nilitaka kufa kabla kile kitu hakijaniua. Kisha mikono ikaanza. Alitumia vidole vitatu, vilivyolala, si ncha. Alianzia kwapani akashuka mstari baada ya mstari, kama mtu anayelima na hataki kuacha tuta. Hakuharakisha, na hakunipapasa kwa upendo pia. Ingekuwa upendo ningelia. Alifanya kazi. Nilisikia pumzi yake na kuku nje. Alipofika mahali penyewe hakusimama. Alipita, akarudi, akapita kwa upande, akabonyeza kidogo, akaendelea mpaka mwisho, kisha akafanya la pili lote, kana kwamba hajakuta kitu.

"Vaa."

Nilivaa.

"Kitu iko," alisema.

Nilikaa kitandani. Ninajua ingepaswa kuwa sentensi mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Lakini kwa siku tisa mume wangu alikuwa ameniambia hakuna kitu, na nusu ya kichwa changu ilikuwa imeungana naye, na nusu ya pili ilikuwa ikipiga kelele peke yake. Sasa alikuwepo mtu mwingine duniani aliyekijua. Kilikuwa na mahali na mipaka. Nililia, na mama aliniacha nilie mpaka nikamaliza, maana kazini alizoea.

"Ni kansa?" niliuliza.

"Mimi si musawo," alisema, kwa neno la huku la daktari au nesi. "Musawo ndiye nasema. Mimi nasema iko, na iko wapi."

Ndipo akaniambia habari ambayo katika miaka yote hakuwahi kuniambia. Mwaka wake wa tatu kazini alimpekua mama mmoja mtu mzima, aliyefungwa kwa kesi ya shamba. Kwenye titi la kushoto akakuta kitu kigumu kama jiwe. Yule mama akasema, afande, hiyo iko tangu zamani. Mama yangu akamwachia apite. Hakikuwa wembe wala tumbaku. Haikuwa kazi yake. Mwaka uliofuata yule mama hakuweza kuinua mkono, na kabla kifungo chake hakijaisha alizikwa.

"Nilipekua vizuri sana," mama alisema. "Nilikuta. Halafu nikanyamaza."

Tangu siku ile, alisema, kila mwanamke aliyepita mikononi mwake alipekuliwa mara mbili kwa wakati mmoja: mara moja kwa ajili ya serikali, mara moja kwa ajili ya mwanamke mwenyewe. Kitu kinachotoka kiliwekwa mezani. Kitu kisichotoka aliandika kwenye daftari lake mwenyewe, na siku daktari akija kuzungukia wafungwa, alisimama mlangoni na daftari akimsomea. Mkubwa wake alimfokea, wewe ni askari, nani amekufanya musawo? Akajibu ndiyo afande, akaendelea. Aliniambia habari za mmoja aliyekatwa titi akapona, akatoka, akafungua kibanda cha chapati. Wengine hakujua waliishia wapi. "Mimi nilikuwa mlango tu," alisema. "Mtu napita."

Nilikumbuka tasnifu yangu. Iko kwenye rafu Mpumudde, imejaladiwa kwa rangi ya samawati. Nilitamani kwenda kuiomba radhi mikono ile na sikujua mtu anaombaje radhi mikono. Nikamwomba chai. Akapika.

Hapa kwetu, ukienda hospitali ya serikali unakwenda na daftari la shule, lile la kurasa chache lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndilo faili lako, daktari anaandika humo na unarudi nalo nyumbani. Mama alikuwa na madaftari mapya ndani ya sanduku. Alitoa moja, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, na akaandika kwa muda mrefu huku akitamka maneno kimya kimya. Nilipoondoka alikataa kunipa. Alisema atakuja nalo mwenyewe.

"Si lazima uje, Mama. Nitakuwa sawa."

"Mimi nimeuliza kama utakuwa sawa?"

Alhamisi ile niliondoka Jinja alfajiri. Mume wangu alitaka kuja. Nikamwambia abaki na mitihani yake, na akanisindikiza kituoni akiwa amebeba mkoba wangu kama mtu aliyekabidhiwa yai. Nilipofika hospitali mama alikuwa ameshakaa, wa nne kwenye benchi, amevaa gomesi ya kijani, lile gauni refu la mabega yaliyosimama, na viatu vyeusi vilivyong'arishwa hadi ungeweza kujitazama humo. Alikuwa amenishikia nafasi kwa kuweka mwavuli wake. Wanawake wawili walikuwa wamejaribu kuukalia mwavuli huo na wakabadili nia.

Benchi lilikuwa refu na hakuna aliyeongea. Tulikuwa wanawake kama kumi na tano, na nikaanza kutazama mikono. Mama alinifanyia ubaya kunifundisha jambo lile. Mkono wa binti mwenye hijabu ya zambarau ulikuwa unakwenda kushoto. Wa mama mwenye kikapu ulikuwa kulia, chini. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Nilitoa mkono wangu mwenyewe kwapani nikaukalia.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, Mwislamu wa Mbale hapa hapa, mtu ambaye Kiswahili kwake ni cha nyumbani. Mama aliingia nami bila kuomba ruhusa na kubaki amesimama karibu na mlango huku mimi nikivua blauzi na kukaa kitandani. Daktari alifungua daftari ili aandike tarehe, akakuta ukurasa umejaa.

Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, akikinyoosha Kiswahili cha mama alipopita:

"Ripoti. Aliyepekuliwa: binti yangu wa kwanza. Mahali: chumba cha kulala, mchana, mwanga wa kutosha. Titi la kushoto: hakuna kitu. Titi la kulia: kitu kimoja, juu, upande wa kwapa, ukubwa wa maharage. Kinateleza. Ukingo wake ni laini. Ngozi haijavutwa. Chuchu haitoi maji. Kwapa mbili: hakuna kitu. Aliyepekuliwa hakuleta fujo."

Nesi aliyekuwa akipanga glavu aligeuka kunitazama, nadhani aone kama kweli mimi ni mtu asiyeleta fujo.

"Nani ameandika hii?" daktari aliuliza.

Nilifungua kinywa. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kwamba mama yangu alikuwa serikalini.

"Ni mama yangu huyu," nilisema. "Alikuwa askari jela. Miaka ishirini na tisa alikuwa anapekua wafungwa wanawake, na walio na uvimbe alikuwa anawaandika kwenye daftari ili daktari wa gereza awaone. Hakuna aliyemtuma."

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Najua, kwa sababu benchini nje mtu alikohoa. Sijali. Nimesimama mbele ya watu wengi maishani kupokea vyeti, nikiwa na kofia yenye kishada, na sikuwahi kujisikia nilivyojisikia pale, nimekaa kwenye kitanda cha wagonjwa bila blauzi.

Daktari alimtazama mama, akasema, "Karibu, Afande," bila mzaha wowote, akavuta kiti. Mama alikataa kiti.

Daktari alinipima, na vidole vyake vilipofika mahali pale alitikisa kichwa kukubali, akageuza daftari, na badala ya kuandika upya akachora duara kwenye ripoti ya mama na kuweka saini yake chini. Nilipelekwa altrasaundi chumba cha pili, nikarudi. Kivuli kilikuwa cheusi tupu, alisema, na hiyo mara nyingi ni maji, lakini yeye haamini mara nyingi. Alichukua sindano. Sikutazama, nilitazama viatu vya mama. Niliposikia nesi anasema "ahaa", nilitazama, na bomba la sindano lilikuwa na maji ya manjano mepesi kama chai ya mgonjwa. Kile kitu kilikuwa kimekwisha chini ya vidole vyangu. Nilipapasa, nikapapasa, hakipo.

"Ni kifuko cha maji," daktari alisema. "Umri wako huleta hivi. Utarudi baada ya wiki sita tuone kama kimejaa tena. Na ukikuta kingine, usiseme ni kile kile cha zamani. Njoo."

Nilimpigia mume wangu simu kutoka kwenye korido. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza ni mililita ngapi. Nikamwambia nne. "Nne," alirudia, na nyuma yake nikasikia darasa zima likiuliza, mwalimu, nne ndiyo jibu?

Nilirudi kumchukua mama tuondoke. Hakuwa pale nilipomwacha. Pazia la chumba cha kupimia lilikuwa limefungwa, na chini yake niliona viatu vyeusi vimepangwa sambamba, na miguu ya mama pekupeku kwenye simenti.

"Mama, una miaka mingapi?" nesi alikuwa akiuliza.

"Sabini na sita."

"Umewahi kupimwa?"

"Mimi ndiye nilikuwa napima wengine."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe hapana." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia hata siku tulipomzika baba, ndogo, ya mtu aliyesimama upande wa pili wa meza: "Musawo. Kama iko, wewe sema. Hapana nyamaza."

"Nitasema, Mama."

Nilisimama nje ya pazia. Siku ishirini na nne za kwangu zilinirudia zote kwa pamoja, na safari hii hazikuwa na mahali pa kugusa. Ilichukua muda, kwa sababu yule nesi alikuwa anafanya vizuri.

"Hakuna kitu," nesi alisema mwishowe. "Pande zote. Safi."

Pazia likafunguka. Mama alitoka ameshika viatu mkononi, na vifungo vya gomesi yake alikuwa amevifunga vibaya, kimoja juu ya kingine, bega likawa limekaa upande. Alijaribu kuvirekebisha, ikashindikana. Nilimsogelea, na mbele ya wanawake wote wa benchi lile Afande alisimama akitazama ukuta, akaniacha nimfungulie vifungo na kumfunga upya.